Andikeni namba kwenye bomba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji niseme juu ya maji yetu ya kunywa na meno yetu, na namba ninayoomba iandikwe kwenye kila bomba. Nina studio ya picha hapa Usa River, wilayani Arumeru, hatua chache kutoka stendi. Niliifungua mwaka 1991. Ni chumba kimoja chenye stuli, kitambaa cha bluu cha picha za pasipoti na kioo cha kuchania nywele. Kabla ya hapo nilijifunza kazi Tanga, na huko fundi wangu alinizoesha kumwambia mteja, "Cheka kidogo, bwana," naye anacheka, biashara imekwisha. Niliporudi kwetu nikaendelea na mtindo huohuo. Wiki ya kwanza tu niliuacha. Hapa ukimwambia mtu acheke, mkono unakwenda mdomoni wenyewe.

Ninayo picha ya kipaimara ya mwaka 1996. Vijana thelathini na wanne wamejipanga mbele ya kanisa, mashati meupe, magauni meupe, siku ya furaha. Midomo thelathini na minne imefungwa kama watu wanaosubiri hukumu. Mgeni akiiona atasema Wameru ni watu wakali. Si ukali, Mhariri. Ni meno.

Siku hizi mambo yamebadilika kidogo, maana kuna kompyuta. Kijana anapiga picha, halafu anainama karibu na sikio langu kama mtu anayenunua dawa ya aibu: "Mzee, nisafishie meno." Ninakaa naye hapo, ninafuta kahawia jino moja baada ya jingine, kama mtu anayepaka ukuta chokaa. Sitozi hela kwa kazi hiyo. Ningetozaje? Yangu yenyewe ni ya kahawia, na mawili ya mbele yana mashimo madogo kama yaliyodonolewa na ndege.

Nilizaliwa Kingori mwaka 1968. Nikiwa darasa la tano alikuja mwalimu mgeni kutoka mikoa ya mbali. Asubuhi ya kwanza akatupanga mstari kukagua usafi, akatukuta kucha safi, nywele safi, meno machafu. Akatuletea majivu na mchanga laini, tukasugua mpaka fizi zikatoa damu. Kesho yake yalikuwa vilevile. Simlaumu, hakujua, na sisi wenyewe hatukujua. Wazee walituambia ni meno ya ukoo.

Yale ya ukoo niliyaamini mpaka nilipopata watoto. Mke wangu ni mtu wa Muheza, mkoani Tanga. Alikuja huku mwaka 1993 akiwa binti wa miaka ishirini na miwili, meno meupe, na mpaka leo ni meupe, ingawa maji anayokunywa ni haya haya ninayokunywa mimi. Mimba ya kwanza alikwenda kujifungulia kwao, kama ilivyo desturi, na mtoto akabaki kwa bibi yake kule Muheza mpaka alipotimiza miaka minane. Wa pili, binti, alizaliwa na kukulia hapa. Kaka ana meno ya mama, dada ana meno yangu. Shemeji zangu walipokuja kwenye harusi moja walitania kwamba mtoto mmoja ni wa Tanga na mwingine ni wa Arusha. Walikuwa wamesema ukweli wote wa kitaalamu bila kujua. Jino hupakwa rangi hiyo likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi, katika miaka ya utoto, mpaka kwenye miaka minane hivi. Likishakomaa, maji hayalibadilishi tena. Na likishaharibika, hakuna mchanga, mkaa wala mswaki utakaolirudisha.

Kinachofanya hayo ni floraidi, na wenzangu wa mikoa mingine wataniwia radhi nikieleza kidogo, maana wengi wanaijua kwa jina tu, kutoka kwenye tyubu ya dawa ya meno. Mlima Meru ni volkano, kama milima mingi ya ukanda huu wa Bonde la Ufa. Miamba yake na majivu yake ya kale vina floraidi nyingi. Maji ya mvua yanayopenya chini yanaiyeyusha na kuja nayo kwenye chemchemi, visima na mito. Kidogo hulinda meno yasitoboke. Ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mto Ngarenanyuki umepimwa na watafiti ukakutwa na zaidi ya miligramu 20. Maziwa ya Momela, yale mazuri wanayokwenda watalii kutazama flamingo, yana mamia.

Na haina rangi, haina harufu, haina ladha. Hapo ndipo shida ilipo. Watu hudhani maji mabaya ni yale ya mto Maji ya Chai kwa sababu yanaonekana kahawia kama jina lake. Floraidi haionekani. Chemchemi inayong'aa, baridi, ambayo mgeni akiionja anasifu kwamba hapa mmebarikiwa, inaweza kuwa ndiyo inayowaharibu watoto.

Si meno peke yake. Mwaka juzi alikuja studio baba yangu mdogo, alitaka picha za hati ya shamba. Nikamwambia, "Baba mdogo, inua kidevu kidogo." Akanitazama kwa macho tu. "Mwanangu, shingo hii iligoma zamani." Ilibidi mimi nipige magoti sakafuni, nimpige nikitokea chini. Ukinywa floraidi nyingi kwa miaka mingi inajazana kwenye mifupa na viungo, mgongo unakakamaa, mtu anageuka mwili mzima kama gari lisilo na usukani. Sisemi kila mzee anayeumwa mgongo ni floraidi, uzee nao una madai yake. Na watoto wenye matege tunaowaona vijijini, lishe ina sehemu yake pia: asiyepata kalsiamu ya kutosha, maziwa na vyakula vya namna hiyo, huumia zaidi kuliko mwenzake anayekunywa maji yale yale. Lakini kijiji ambacho meno ya wote ni kahawia, na nusu ya wazee hawawezi kutazama juu, kina jambo moja la kuuliza.

Mwaka 1974, mimi nikiwa na miaka sita na meno yangu yakiwa bado yanaundwa, Tanzania iliweka kiwango cha muda cha floraidi katika maji ya vijijini: miligramu 8 kwa lita. Si kwamba wataalamu hawakujua. Walijua, ila wangeweka kiwango cha dunia wangefunga vyanzo vingi mno, na watu wangekunywa nini? Baadaye kikashuka hadi 4, na sasa ni 1.5 kama duniani. Nafurahi kwa hilo kwa moyo wote. Lakini kiwango kimeshuka kwenye karatasi, mlima uko palepale. Mjini Arusha mradi ule mkubwa wa shilingi bilioni 520 umeleta visima vipya, vikiwemo vya upande wa Hai, na watu wa mjini wameanza kuona tofauti. Huku vijijini wengi wetu bado tuko na chemchemi, mfereji na kisima cha jirani.

Hebu nieleze jambo lililonifanya niandike barua hii.

Binti yangu, yule mwenye meno yangu, amejifungua. Mtoto ana miezi saba. Alipokuwa ananyonya tu sikuwa na wasiwasi, kwa sababu maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Nilifurahi kulisikia hilo, nikaona Mungu ameweka chujio ambalo hakuna mtu wa kuliiba koki. Sasa mtoto ameanza uji. Jumapili moja binti akaniuliza, "Baba, uji wa huyu nipikie maji gani?" Nikafungua mdomo kujibu, nikaufunga. Ninaishi Usa River zaidi ya miaka thelathini, nimewapiga picha maelfu ya watu walioharibiwa na maji, na sikujua maji ninayochota kila siku yana floraidi kiasi gani.

Nilichukua chupa mbili, moja ya kisima chetu na moja ya kisima cha jirani, nikazipeleka maabara ya maji na kulipa ada. Kisima chetu: 6.8. Cha jirani: 2.1. Kutoka kimoja hadi kingine ni hatua mia mbili, nimezihesabu. Kwa miaka yote tumekuwa tukimcheka jirani kwamba kisima chake ni kirefu na kamba yake inachosha mikono! Milima hii ndivyo ilivyo, maji ya hapa si ya pale, na ndiyo maana mtu akikuambia "maji ya Arumeru yana floraidi" amekuambia kitu kisichokusaidia. Inakusaidia kujua ya bomba hili.

Wengine watasema, si kuna dawa? Ipo, tena iko jirani. Wizara ya Maji ina kituo chake cha utafiti Ngurdoto, kazi yake ni hiyo ya kuondoa floraidi, na niliwahi kuitwa huko kupiga picha za ujumbe wa wageni. Wageni walipoondoka nilibaki nikichungulia tanuru. Wanachoma mifupa ya ng'ombe bila kuiachia hewa ya kutosha, mpaka inakuwa mkaa, kisha wanaisaga punje punje na kuzichekecha. Fundi aliniwekea viganjani punje za aina mbili. Nyeusi ndiyo yenyewe. Nyeupe imeungua kupita kiasi, uwezo wake umepungua. Na mfupa usioiva vizuri huyapa maji harufu na rangi, halafu watu wanakataa kuyanywa na wana haki. Ukijaza punje nzuri kwenye ndoo yenye koki na kupitisha maji taratibu, floraidi inabaki humo. Sababu yake ilinishangaza kwa urahisi wake: floraidi hupenda mfupa. Ndicho kinachoipeleka kwenye shingo ya baba mdogo. Basi tunaiwekea mfupa wa ng'ombe njiani ikutane nao kwanza.

Mzee mmoja Mwislamu, jirani yangu hapa stendi, alipoiona ndoo yangu ya chujio aliuliza swali la maana: mifupa ya mnyama gani? Nikamjibu ni ya ng'ombe, ya machinjioni. Akasema, "Nimeamini, lakini waambie waandike." Ninayaweka hapa maneno yake kwa sababu nimekuja kuona kwamba tatizo letu lote ni hilo la kuandika.

Chujio la mifupa hujaa. Baada ya miezi kadhaa, kutegemea wingi wa floraidi na wingi wa maji yanayopita, punje zinakuwa zimeshiba, hazikamati tena. Maji yanaendelea kutoka koki ileile, yakiwa safi vilevile, matamu vilevile, na floraidi yake yote. Hakuna kengele inayolia. Kuna shule moja ya msingi, sitaitaja, ambako wafadhili walijenga tenki zuri lenye mkaa wa mifupa. Picha za uzinduzi nilizipiga mimi: utepe, mkasi, watoto wameshika vikombe. Nilirudi miaka mitatu baadaye kupiga picha za darasa la saba. Watoto bado walikuwa wanakunywa pale wakiamini ni maji yaliyochujwa. Nikamuuliza mlinzi mkaa ulibadilishwa lini. Akaniuliza, "Mkaa gani?" Watoto wale, Mhariri, wangekuwa salama zaidi kama tenki lisingekuwepo kabisa, maana nyumbani wazazi wao wengine walikuwa wanakinga mvua.

Pale Tengeru kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alibuni chujio lake la maji na mwaka 2015 akapata tuzo ya uvumbuzi ya Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Nakuru, Kenya, Jimbo Katoliki limetengeneza mkaa wa mifupa kwa miaka mingi. Akili ipo na vyombo vipo. Kinachotushinda ni ile siku ya mia tatu baada ya utepe kukatwa.

Nirudi jikoni kidogo, maana nisipopasema wasomaji wanawake watanicheka. Kuna watu wanadhani wakichemsha maji wameyatibu. Kuchemsha kunaua vijidudu, endeleeni kuchemsha. Floraidi haiondoki kwa kuchemka, inabaki sufuriani, na maji yakipungua kwa mvuke yenyewe inazidi kukolea. Sasa fikirieni makande. Sufuria inakaa jikoni tangu asubuhi, inaongezwa maji, yanakauka, inaongezwa tena. Floraidi ya ndoo nzima inaishia kwenye sahani chache. Halafu juu yake tunatia magadi.

Kuhusu magadi nimegombana na mama lishe aliye mkabala na studio yangu. Tafiti zilizofanywa hapa kwetu tangu zamani zimeonyesha magadi yana mchango wake katika meno haya, hasa yale yanayokwanguliwa ardhini na kandokando ya maziwa ya huku kwetu. Nikamweleza yote. Akanisikiliza huku akikoroga, halafu akasema, "Kaka, maharage bila magadi yanakula mkaa wa elfu mbili zaidi. Utanipa wewe?" Sikuwa na jibu. Tulipatana hivi: aloweke usiku kucha, amwage maji ya kulowekea, na sahani ya watoto wa shule wanaopita mchana itoke kwenye sufuria isiyo na magadi. Ameshika siku nyingi, nyingine hakushika. Chai nayo, nasikia majani yake yana floraidi yake. Hapo naomba mniache. Chai sijaacha.

Na wale waliotupa dawa za meno kwa sababu tyubu imeandikwa floraidi, wamechanganya mambo. Dawa ya meno inapakwa na kutemwa. Mtoto mdogo awekewe kiasi cha punje ya mchele na asimamiwe asimeze. Adui yuko kwenye ndoo na sufuria.

Mvua ndiyo jibu langu kwa binti yangu kwa sasa. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Nimefunga mifereji kwenye bati la nyumba na kununua tenki la lita 3,000. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ninaiacha imwagike, ina vumbi na mavi ya ndege, inayofuata ndiyo ninayoikinga. Maji hayo ni ya uji, ya kunywa na ya kupikia tu. Kuoga, kufua na kudeki tunatumia ya kisima, hayana ubaya. Masika yakiwa mazuri nitafika mbali. Yakiwa mabaya nitakwenda kwa jirani wa 2.1 na kumwomba radhi kuhusu ile kamba.

Lakini jirani wa tatu atakwenda wapi? Yeye hakupeleka chupa maabara. Hana hata wazo kwamba chupa hupelekwa. Na hapa ndipo ninapotaka kufika. Juzi dereva wa hiace aliacha chupa tupu ya maji kwenye benchi langu. Nikaigeuza, nikasoma lebo: kalsiamu kiasi fulani, magnesiamu kiasi fulani, floraidi kiasi fulani, herufi ndogo lakini zipo. Mtu aliyenunua maji ya safari ya saa mbili ameambiwa namba yake. Mama anayechota ndoo nne kila siku kwenye kituo cha maji, anayemkuza mtoto kwa maji hayo miaka minane yote ambayo meno yanaundwa, haambiwi.

Ninawaomba RUWASA, wakala wa maji vijijini, na vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii jambo moja tu. Sidai mtambo, maana najua mitambo ni fedha na fedha ina foleni. Kila kituo cha kuchotea maji katika maeneo yenye floraidi kiandikwe namba yake ukutani, kwa tarakimu kubwa, na chini yake mwezi na mwaka kilipopimwa. Palipo na chujio, iandikwe pia tarehe mkaa ulipobadilishwa mara ya mwisho, na mkaa ni wa mnyama gani, kwa ajili ya mzee wangu. Basi. Mama akiona 2 upande huu wa barabara na 9 upande ule, atajua mwenyewe ndoo ya uji ijae wapi na ya kufulia ijae wapi. Mlinzi wa shule akiona tarehe ya miaka mitatu iliyopita, hataniuliza tena mkaa gani.

Nimesikia hoja kwamba kuandika namba kutaleta hofu. Waheshimiwa, tumekwisha kuogopa. Njooni studio mkatazame albamu.

Bomba la jirani na studio yangu lina ukuta wa sementi, na upande wa kulia wa koki kuna nafasi ya kutosha tarakimu mbili na nukta katikati. Rangi ya mafuta ninayo, ilibaki nilipopaka mlango. Brashi ninayo pia. Mniletee namba tu, nitaiandika mwenyewe.

Mpiga picha wa stendi,
Usa River, Arumeru